Nimeigusa Normandy, Nayo Iko Ohio!

Kaa chini ndugu yangu, acha hicho unachofanya, kaa nikwambie! Nimetoka Conneaut, ule mji mdogo wa pembeni kabisa mwa Ohio, pale jimbo linapoishia na Pennsylvania inapoanza, na nguo zangu bado zinanuka baruti na dizeli na moshi wa kuni, na sijui hata nianzie wapi, maana kila nikishika kumbukumbu moja nyingine inaisukuma! Sikiliza. Kila mwaka mwezi wa Agosti, ufuko wa bustani ya mji ule unageuzwa Normandy. Normandy yenyewe! Ile ya tarehe 6 Juni 1944, siku majeshi ya Washirika yalipovuka kutoka Uingereza yakatua pwani ya Ufaransa mbele ya mitutu ya Wajerumani. Wanaiita D-Day Conneaut, ilianza 1999, wanaoiendesha ni watu wa kujitolea, kuingia ni bure, bure kabisa, na kuanzia hema la kwanza mpaka mlio wa mwisho kila kitu kinafanywa kwa heshima ya wazee waliopigana. Nilidhani nakwenda kutazama maonyesho. Maonyesho! Wee!

Ngoja kwanza nikupe ule ufuko. Unashuka kutoka bustanini, nyasi, miti, familia zimetandika mablanketi, watoto wanalamba aiskrimu, unajua kabisa uko Marekani ya leo, halafu ghafla mbele yako mchanga, mrefu, mpana, umepandwa vyuma vilivyopishanishwa misalaba, vizito, vya kikatili, namna ile ile vilivyotegwa kuzuia mashua na vifaru. Nyuma ya mchanga kuna mwinuko wa majani. Juu ya mwinuko kuna mahandaki na magunia ya mchanga na bunduki zimetazama chini. Na upande wa pili maji, maji, maji mpaka yanapokutana na mbingu! Ni Ziwa Erie. Kanada iko ng'ambo huko lakini huioni hata kwa dawa, na mimi mtoto wa pwani nikavuta pumzi nikisubiri harufu ya chumvi, haikuja. Nikachota kwa kiganja nikaonja. Maji matamu! Macho yanasema bahari, ulimi unakataa. Lakini muda si muda habari ya ziwa ilinitoka kabisa kichwani, kwa sababu pale mahali panafanana mno na Omaha, na ndiyo maana wenyewe wakapachagua. Omaha, kati ya fukwe tano zilizovamiwa siku ile, ndiko Wamarekani walikoumia kuliko kwingine kote, na kilichowaumiza hasa ni ule mwinuko na waliokuwa juu yake. Nilishalisoma hilo vitabuni. Kusoma si kitu! Simama pale chini, miguu majini, inua macho, utaelewa kwa tumbo. Hakuna pa kujificha. Hata kichaka hakuna.

Na bado!

Kambi, jamani, kambi! Hapo ndipo nilipopagawa. Mahema ya turubai kwa mamia, yale mazito ya kijani yenye harufu ya nta na nyasi zilizokanyagwa, na kila hema lina watu wake wanaoishi humo, wanalala humo, wanapika humo, wananyoa ndevu nje kwa kioo kidogo kilichoning'inizwa mtini. Kuna kambi ya Wamarekani, ya Waingereza, ya Wakanada, wapo askari wa miavuli, wapo wapiganaji wa msituni wa Kifaransa na kofia zao za mlalo. Mimi nilidhani kutakuwa na kamba na vibao vya "usiguse". Wapi! Unaomba tu, unapewa. Nilivishwa kofia ya chuma ya askari wa miguu, ile yenye wavu juu, na shingo yangu ikazama mabegani papo hapo, nzito ajabu, baridi ndani, inanuka ngozi na jasho la mtu mwingine. Nikavalishwa koti la sufu. Agosti! Jua la Agosti! Linawasha, linakwaruza shingo, na yule kijana aliyenivalisha akacheka akasema niwaze likiwa limelowa maji ya bahari. Nikawaza. Nikalivua haraka.

Nikazungusha mkono wa simu ya vita, ile ya kukoroga ndani ya mkoba wa ngozi, na kwenye hema la pili mtu akapokea! Akaniuliza niko kikosi gani! Nikapiga kelele nikaitupa! Wakanipa kahawa kwenye kikombe cha bati, na ile bati inashika moto kuliko kahawa yenyewe, midomo ikaungua, kahawa nyeusi, chungu, nzuri kupita maelezo. Wakanifungulia kisanduku cha chakula cha askari: biskuti ngumu za kuvunja jino, kopo dogo, chokoleti, ubani wa kutafuna, vipande vichache vya karatasi ya choo vimekunjwa vizuri sana. Ile karatasi ilinishika moyo, sijui kwa nini. Nadhani kwa sababu kuna mtu mahali fulani, katikati ya vita vile vikubwa, alikaa akalikumbuka na hilo.

Na kile kidude cha shaba! Kidogo hivi, kinakaa ndani ya kiganja, ukikibonyeza kinalia kama nyenje. Askari wa miavuli wa Divisheni ya 101 walipewa kabla ya kurushwa gizani usiku wa kuamkia siku ile. Umeanguka shambani kwa watu, usiku, peke yako, unasikia nyasi zinatikisika: unabonyeza mara moja. Akikujibu kwa mibonyezo miwili ni mwenzako. Asipojibu... Basi tukajaribu, mimi nyuma ya hema, msichana mmoja mwigizaji upande wa pili. Nikabonyeza. Kimya. Kimya kikazidi. Moyo wangu ukaanza kupiga kweli kweli, mchana kweupe, watu wamejaa! Halafu, mara mbili. Nilitaka kumkumbatia.

Sijakwambia habari ya malori. Kulikuwa na lori la kijeshi la magurudumu sita, limefunikwa turubai, nikapanda nyuma nikakaa kwenye mabenchi ya mbao, na dereva mwigizaji akaanza kunisimulia Red Ball Express, ule msafara wa malori uliolisha jeshi petroli na risasi na chakula kuanzia mwisho wa Agosti mpaka katikati ya Novemba 1944, usiku na mchana, na robo tatu hivi ya madereva wale walikuwa Wamarekani Weusi. Nikamuuliza: na siku yenyewe ya kutua, walikuwepo? Akang'aa uso! Akanieleza Batalioni ya 320, watu Weusi waliotua Omaha na Utah siku ile ile wakiwa na maputo makubwa ya gesi, yanapaishwa kwa nyaya za chuma ili ndege za adui zisithubutu kushuka chini. Maputo! Unatua chini ya mvua ya risasi umeshika puto! Na mmoja wao, Waverly Woodson, mganga wa kikosi, alijeruhiwa kabla hata hajagusa mchanga, na bado akatibu majeruhi kwa takribani saa 30 pale Omaha mpaka akaanguka mwenyewe. Nishani yake ya Distinguished Service Cross ilitolewa 2024. Alikuwa ameshafariki tangu 2005. Lile lori lilikuwa la moto, bati linachoma mapaja, na sikutaka kushuka.

Upande wa Wajerumani nao nilikwenda. Nakwambia ukweli, mgongo ulisisimka. Zile sare, zile kofia. Lakini wanaozivaa wanajua wanabeba nini, wanazungumza kwa utulivu, wanajibu kila swali hata lile gumu, na bila wao pale juu usingeona vijana wa chini walikuwa wanapanda kuelekea nini. Nililala kifudifudi nyuma ya magunia yao nikatazama ufuko kupitia mwanya. Ufuko wote. Wote! Ningeweza kumhesabu kila mtoto aliyekuwa anacheza majini.

Sasa mashua. Ee Mungu, mashua! Zile za kutua, za Higgins, zenye mlango wa mbele unaoporomoka. Ukiziona kwenye filamu unadhani ni chuma kitupu, sivyo? Niliweka kiganja ubavuni: mbao! Plaiwudi iliyopakwa rangi ya kijivu! Chuma ni ule mlango wa mbele. Andrew Higgins alizitengeneza New Orleans, alikuwa fundi wa mashua za kupita vinamasi vya Louisiana, na kila mashua ilibeba watu 36 wamesongamana bega kwa bega. Nikagonga kwa kifundo cha kidole, ikalia ko, ko, mlio wa mlango wa chumba. Hicho tu ndicho kilichokuwa kati ya kijana wa miaka 19 na risasi. Hicho tu! Na mashua hizi zilizobaki duniani zinazoelea bado ni chache mno, na hawa watu wa Conneaut wanazitia majini, zinanguruma, zinatema moshi, zinakuja!

Lakini ngoja, sijafika kwa wazee, na wazee ndio siku yenyewe.

Wanakaa kivulini, mahali pazuri kuliko pote, wengine kwenye viti vya magurudumu, wamevaa kofia zilizoandikwa vita vyao au meli zao. Waliopigana Vita vya Pili sasa ni wa kuhesabu, wote wanakaribia miaka 100 au wameshaipita. Pembeni yao wapo wa Korea, wa Vietnam, na wale vijana zaidi wa Iraq na Afghanistan. Na hiki ndicho kilichonishangaza kuliko mizinga yote: foleni! Watu wamepanga foleni, ndefu, chini ya jua, baba na watoto, wasichana wa shule, waigizaji na sare zao za matope, kwa ajili ya kumpa mzee mkono tu na kusema asante. Hakuna anayewaharakisha. Mzee akitaka kusimulia, foleni nzima inangoja.

Nilipofika kwa mmoja wao, mwembamba, ngozi ya mikono nyepesi kama karatasi ya sambusa, nikajikuta nimepiga goti na mdomo umesema wenyewe, "Shikamoo, mzee." Kiswahili! Ohio! Hakuelewa hata kidogo, lakini mkono aliutoa, akaufunika wangu kwa wa pili, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Akanivuta karibu, akataka kujua babu zangu nao walipigana? Fikiria, mtu wa miaka karibu 100, siku yake ya kushangiliwa, na anauliza habari za babu zangu! Nikamwambia naam, watu wetu walipigana. Walikuwa Bama, yaani Burma. Akatikisa kichwa taratibu, akasema pale palikuwa na mvua. Alijua! Machozi yalinitoka bila ruhusa.

Halafu ikaja vita yenyewe, Jumamosi alasiri. Sitaweza kukueleza ipasavyo, nitajaribu tu. Umati umefunika mwinuko na bustani, watu wamebana pumzi. Mbali majini mashua zinazunguka, zinazunguka, hazina haraka. Ndege ndogo inapita juu ina michirizi nyeusi na nyeupe kwenye mabawa. Halafu mlipuko wa kwanza. Mama yangu! Hausikiki masikioni, unaupata kifuani, mbavu zinatetema, mchanga unaruka, moshi mweusi unafunika kila kitu, na bunduki rasharasha za juu zinaanza, mfululizo, mfululizo, hazipumui. Mashua zinageuza pua. Zinakuja. Polepole mno! Hapo ndipo nilipoumia: filamu zinakimbiza, hapa unaziona zinakuja kwa mwendo wake halisi, unajua zitafika, wao wanajua zitafika, na hakuna kinachoweza kufanyika. Mnyororo unalia. Mlango unaporomoka majini kwa kishindo. Na wanatoka, ndugu yangu, wanatoka mbio, maji ya mapaja, bunduki juu, na wa kwanza anaanguka, wa pili anaanguka, wa tatu anamruka wa pili.

Najua ni baruti tupu. Nilishaongea na wale vijana asubuhi, mmoja alinipa biskuti! Lakini nilipomwona yule wa biskuti amelala kifudifudi kwenye maji ya kina cha nyayo, nilijiziba mdomo kwa mkono.

Na mlio mmoja mdogo sana katikati ya makelele yote: ting! Bunduki ya Garand ikimaliza risasi zake nane, kile kibanio cha chuma kinaruka nje kinalia ting, safi, kama kengele ya baiskeli ya mtoto. Mlio mzuri, wa furaha, mahali pabaya. Ting. Huku. Ting. Kule. Mpaka leo nausikia. Wakafika chini ya mwinuko, wakakwama, wakajivuta, mmoja mmoja, wakapanda, na umati ukaanza kuwapigia kelele ya kuwatia moyo, mimi sauti ikanikauka, nilikuwa nawaita wapande, wapande, utadhani wananisikia!

Mwishoni waliolala wakainuka. Wajerumani, Wamarekani, wote, wamelowa, wamejaa mchanga, na hawakutazama umati. Waligeuka upande wa wazee. Watu wote ufukweni wakageuka upande huo huo na makofi yakaanza, marefu, marefu sana, hayakati.

Sasa nimekaa hapa na kichwa hakitulii, maana tangu nimtajie yule mzee Bama sijaacha kuwaza. Wakati vijana wale wanapanda Normandy, Keya wetu, wale askari wa King's African Rifles, walikuwa njiani kuingia vitani! Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, walishuka bonde la Kabaw katikati ya mvua za 1944, matope ya kiunoni, malaria, Wajapani mbele, na Desemba wakauvuka mto Chindwin. Na kuna meli, Khedive Ismail, ilitoka Mombasa kwenda Colombo imejaa askari wetu wa mizinga na wauguzi, ikapigwa torpido na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi tarehe 12 Februari 1944, ikazama ndani ya dakika chache. Watu 1,297 walikufa! Hiyo haikuwa Ulaya, hiyo ilikuwa bahari yetu. Nilimsimulia mwigizaji mmoja wa simu za upepo, akatoa kidaftari chake cha 1944, na penseli, akaniomba nimtajie herufi kwa herufi jina la meli, akaandika. Mtu wa Ohio anaandika habari za Mombasa!

Na sisi mahali pa kufanyia maonyesho kama haya tunapo! Kilima cha Salaita kiko pale karibu na Taveta, Waingereza walikishambulia Februari 1916 wakarudishwa nyuma, mahandaki unayaona mpaka leo. Tanga ipo, ufuko walikotua Novemba 1914 upo. Turubai si ghali, vikombe vya bati tunavyo, wanafunzi wenye hamu ya kuvaa kofia nzito na kubeba mizigo ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia kilomita moja tu, waonje, mbona watajaa! Nami niwe wa kwanza kubeba. Nimeshaanza kuwapigia simu watu, usinicheke, nimeshaanza!

Lakini wewe kwanza njoo Conneaut. Njoo mapema, kabla ya Jumamosi, kambi zikiwa na nafasi ya kuongea na watu, ukae nao, unywe ile kahawa inayounguza. Leta kofia ya jua, maji, na pamba za masikio kwa ajili ya watoto, nasema kweli, pamba. Jumamosi wahi ufukweni, la sivyo utatazama migongo ya watu. Na kabla hujagusa kifaru, kabla hujavaa kofia ya chuma, kabla ya kila kitu, pita kwa wazee, panga foleni, kaa pale muda wowote watakaokupa, kwa sababu kila Agosti viti vyao vinapungua. Mimi mwakani niko pale na wanangu wote na shangazi yao na yeyote atakayeingia garini. Nafasi moja bado ipo. Jibu haraka, usije ukasema hukuambiwa!